Mashine ya Mtetemo: Faida Yake Ipo Miguuni, Haipo Tumboni

Mashine ya mtetemo ni lile bao la kusimamia, la plastiki au la chuma, ambalo likiwashwa humtikisa mtu kuanzia nyayo hadi kwenye taya. Siku hizi inapatikana katika maduka ya vifaa vya mazoezi ya Dar es Salaam na Nairobi, na zaidi mitandaoni, ambako mara nyingi hutangazwa kama mashine ya kuondoa kitambi: simama juu yake dakika 10 kwa siku, wanasema wauzaji, nawe utapata manufaa ya saa nzima ya mazoezi bila kutoka jasho. Mimi hufundisha mazoezi ya viungo kwa watu wazima jijini Dar es Salaam, wengi wao wakiwa wanawake waliopita miaka 55, na wanafunzi wangu wameniuliza mara nyingi iwapo mashine hii inafaa, baadhi yao wakiwa tayari wametoa fedha ambazo walihitaji kwa mambo mengine. Kwa sababu hiyo nimeitumia mashine moja ya bei ya kati, nyumbani na darasani, kwa muda wa kutosha kuijua, na nimezisoma kwa makini tafiti ambazo wauzaji hupenda kuzitaja. Maoni yangu ni kwamba kifaa hiki kina faida ya kweli, lakini faida hiyo ni finyu, na watu wanaoweza kuipata ni tofauti kabisa na wale wanaolengwa na matangazo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Daktari Msweden Gustav Zander alifungua taasisi yake ya tiba kwa mashine mjini Stockholm mwaka 1865, na miongoni mwa mitambo yake ilikuwemo ya kutetemesha mwili. Miongo kadhaa baadaye daktari Mmarekani John Harvey Kellogg aliweka viti vya mtetemo katika sanatoriamu yake, yaani kituo cha matibabu na mapumziko, ya Battle Creek, Michigan. Tofauti ya leo ni kwamba wanasayansi wamejaribu kueleza kinachotokea ndani ya misuli. Bao linapopanda na kushuka kwa haraka, misuli ya vigimbi na mapaja hunyooshwa kidogo mara nyingi kwa sekunde, na kila inaponyooshwa, neva zinazopita kwenye uti wa mgongo huiamuru ijikaze bila kusubiri agizo la ubongo. Mtu aliyesimama ametulia juu ya mashine kwa hiyo anafanya kazi fulani, hata kama hajisikii kuifanya. Swali la haki ni kazi hiyo ni kubwa kiasi gani, na inaleta matokeo gani baada ya miezi.

Ili kulijibu swali hilo ni lazima kuelewa namba mbili ambazo wauzaji wengi hawazitaji. Ya kwanza ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi. Ya pili ni umbali ambao bao linasafiri kutoka katikati kwenda juu au chini, unaopimwa kwa milimita. Namba hizi mbili kwa pamoja ndizo zinazoamua mchapuko, yaani nguvu ya msukumo inayoingia mwilini kupitia nyayo. Bao linalotetema mara 12 kwa sekunde kwa umbali wa milimita 4 hutoa mchapuko wa juu wa takriban mara 2.3 ya uvutano wa dunia, na linalotetema mara 30 kwa sekunde kwa umbali wa milimita 2 hufikia takriban mara 7. Idadi ya mitetemo ikiongezwa maradufu huku umbali ukibaki uleule, mchapuko huongezeka mara nne, na ndiyo maana mashine mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa kwa mwili wa binadamu.

Kwa jumla zipo aina tatu. Kuna mashine ambazo bao zima hupanda na kushuka kwa pamoja, na hizi ndizo zilizozoeleka katika jimu kubwa. Kuna zile ambazo bao huzunguka kwenye mhimili wa katikati, upande wa kulia ukipanda wakati wa kushoto unashuka, hivyo kwamba kadiri unavyotanua miguu ndivyo mtetemo unavyokuwa mkubwa; mashine nyingi za nyumbani za bei nafuu ni za aina hii. Aina ya tatu ni ya kitabibu, yenye mtetemo mdogo sana, ambapo bao husafiri chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita na mchapuko wake ni kama 0.3 ya uvutano wa dunia, kiasi kwamba anayesimama juu yake anahisi mvumo tu. Ninaomba msomaji aikumbuke aina hii ya tatu, kwa kuwa sehemu kubwa ya sifa za mashine za mtetemo kuhusu mifupa ilitokana nayo, wakati mashine inayouzwa dukani ni ya aina nyingine.

Mashine niliyoitumia ni ya aina ya pili. Boksi lake lilitangaza viwango 99 vya kasi, na ndani mlikuwa na rimoti, kamba mbili za mpira za kuvutia kwa mikono, na karatasi ya picha za mikao. Hakukuwa na hezi wala milimita mahali popote, si kwenye boksi, si kwenye kijitabu, si kwenye kibandiko kilicho chini ya mashine. Nilipoweka juu ya bao simu yenye programu ya kupima mtetemo, kiwango cha juu kabisa kilionyesha mitetemo kama 12 kwa sekunde, na tofauti kati ya kiwango cha 60 na cha 70 ilikuwa ndogo mno kuweza kuhisiwa na mtu. Mwanafunzi mwenye mwili mzito aliposimama juu yake, mota ilipungua kasi waziwazi, jambo linalomaanisha kwamba kipimo anachokipata mtu mwembamba sicho anachokipata mtu mnene, ingawa namba kwenye kioo ni ileile. Kwa mnunuzi anayetaka kufuata kipimo kilichotumika katika utafiti wowote, huu ni upungufu mkubwa, sawa na kupewa chupa ya dawa isiyoandikwa miligramu.

Kuhusu matumizi ya kila siku, nina mazuri ya kusema pia. Mashine ni fupi, inaingia chini ya kitanda, na inaweza kutumiwa na mtu aliyevaa dera au kanga bila kulazimika kubadili nguo, jambo ambalo kwa wanafunzi wangu wengi si dogo. Inasimamishwa haraka kwa kitufe kimoja. Kwenye sakafu ya vigae ilisogea kidogo kidogo mpaka nilipoweka mkeka mzito wa mpira chini yake, na katika nyumba ya ghorofa mvumo wake unashuka hadi kwa jirani wa chini, kwa hiyo anayeishi ghorofani afikirie saa za kuitumia. Watu kadhaa walipata mwasho kwenye vigimbi na mapaja katika dakika za mwanzo, ambao hutokana na damu kuongezeka karibu na ngozi na huisha baada ya muda mfupi. Upungufu ulionisumbua zaidi ni kwamba haikuwa na mhimili wa kushika. Mtu anayehitaji mashine hii kuliko wote ni yule ambaye miguu yake haijiamini, na mtu huyo ndiye asiyepaswa kupanda juu ya kitu kinachotikisika bila mahali pa kushika.

Sasa niingie kwenye ahadi kuu, ile ya kitambi. Utafiti unaotajwa mara nyingi ulifanyika Antwerp, Ubelgiji, ukachapishwa mwaka 2010, ukiwa na watu 79 wenye uzito uliozidi. Walifuatiliwa mwaka mmoja, miezi sita ya kwanza ikiwa ya programu yenyewe, na kundi lililotumia mashine lilipunguza mafuta yanayozunguka viungo vya ndani ya tumbo zaidi ya kundi lililofanya mazoezi ya kawaida. Matokeo hayo ni ya kuvutia, na sina sababu ya kuyadharau. Hata hivyo, tangazo huacha mambo mawili ambayo ripoti yenyewe iliyaeleza: kundi la mtetemo nalo lilikuwa kwenye mpango wa kupunguza chakula, tena wahusika hawakusimama tu juu ya bao, bali walifanya juu yake mazoezi ya kuchuchumaa, kupiga hatua na kuinua mwili kwa mikono. Watafiti wenyewe waliiita kazi yao ripoti ya awali. Kulifanya jambo hilo kuwa ahadi kwamba mtu atasimama akitazama televisheni huku tumbo likiyeyuka ni kumdanganya mnunuzi.

Hesabu ya nishati nayo haiisaidii ahadi hiyo. Vipimo vya matumizi ya hewa ya oksijeni vilivyofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2001 vilionyesha kwamba kile ambacho mtetemo unaongeza katika matumizi ya mwili kinakaribiana na kutembea kwa mwendo wa wastani. Kwa dakika 10 hiyo ni nishati ndogo, pungufu ya ile iliyomo katika nusu ya andazi, na mtu anayetoka nyumbani kwenda kituo cha daladala kwa miguu na kurudi anaweza kutumia zaidi ya hapo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Augusta, Georgia, nchini Marekani, walitangaza kwamba panya wanene waliotetemeshwa dakika 20 kwa siku kwa wiki 12 walipata nafuu ya misuli na ya sukari inayokaribiana na ya panya waliokimbizwa kwenye mashine ya kukimbilia dakika 45 kwa siku. Habari hiyo ilisambaa duniani kote kana kwamba iliwahusu watu. Iliwahusu panya wenye kasoro maalumu ya kurithi inayowafanya wanenepe, na panya, kwa udogo wa miili yao, hupokea mtetemo tofauti kabisa na sisi. Ninapoona picha ya tangazo yenye mwanamke mwembamba na maneno kwamba sayansi imethibitisha, huwa najiuliza kama aliyeliandika anajua kwamba sehemu ya uthibitisho huo ulitoka kwa panya.

Mifupa inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu hapa tumaini lilikuwa kubwa na lilikuwa na msingi. Baada ya hedhi kukoma, mifupa ya mwanamke hupoteza madini kwa kasi, na nyonga au uti wa mgongo unaweza kuvunjika kwa kuanguka kudogo tu. Mwaka 2001 Clinton Rubin wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, New York, na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kondoo waliosimamishwa juu ya bao la mtetemo mdogo sana, hezi 30 na mchapuko wa 0.3, dakika 20 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa mwaka mmoja. Msongamano wa mfupa wa ndani, ule wenye vitundu kama sifongo, katika sehemu ya juu ya paja uliongezeka kwa asilimia 34 ukilinganishwa na wa kondoo ambao hawakutetemeshwa. Kama mtetemo usiohisiwa sana ungeweza kufanya hivyo kwa mwanadamu, bibi aliyeshindwa kutembea angejengewa mifupa akiwa amesimama tu, bila dawa na bila madhara. Ninaelewa kabisa kwa nini watu walifurahi.

Binadamu walipopimwa kwa uangalifu uleule, furaha hiyo haikupata cha kuishikilia. Toronto, Kanada, wanawake 202 waliokoma hedhi na wenye mifupa iliyoanza kupungua waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakitetemeshwa kwa hezi 90, baadhi kwa hezi 30, na wengine bila mtetemo, dakika 20 kwa siku kwa mwaka mzima. Ripoti yao ya mwaka 2011 haikuona tofauti katika mifupa. Huko Boston, wazee 174 wenye wastani wa umri wa miaka 82 walisimama dakika 10 kwa siku kwa miaka miwili, nusu yao kwenye bao la kweli na nusu kwenye bao la kuigiza lililotoa mvumo tu, na ripoti ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba mifupa ya makundi yote mawili ilikwenda sawasawa. Utafiti wa pili ninauheshimu kwa namna ya pekee, kwa sababu wazee hawakujua nani yuko kwenye bao gani, na kwa kifaa kinachohisiwa mwilini jambo hilo ni gumu kulifanikisha.

Kwa mashine zenye nguvu zaidi matokeo ni afadhali kidogo. Watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2004 utafiti wa wanawake 70 waliokoma hedhi, ambapo waliofanya mazoezi juu ya mashine ya hezi 35 hadi 40 kwa miezi sita walipata ongezeko la asilimia 0.93 katika mifupa ya nyonga, huku uti wa mgongo ukibaki ulivyokuwa. Ni ongezeko, lakini ni dogo. Linganisha na kazi iliyofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2018, ambapo wanawake 101 waliokoma hedhi, wote wenye mifupa iliyopungua, waligawanywa katika makundi mawili, na moja likafanya mazoezi ya kunyanyua vyuma vizito na kuruka chini ya uangalizi, nusu saa mara mbili kwa wiki, kwa miezi minane. Mifupa ya kiuno chao iliongezeka kwa asilimia 2.9, wakati kundi la mazoezi mepesi ya nyumbani lilipoteza asilimia 1.2. Mwanamke mwenye afya ya kutosha kunyanyua uzito kwa hiyo anayo njia yenye ushahidi bora, na mwenye mifupa iliyokwisha kudhoofika asiache dawa aliyoandikiwa na daktari kwa sababu amenunua bao la kutetema.

Nafika sasa mahali ambapo mashine hii inastahili sifa, nami ninaisifu bila kusita. Mwaka 2003 watafiti haohao wa Leuven waliripoti kwamba wasichana wasiokuwa na mazoea ya mazoezi, waliofanya mikao ya kuchuchumaa juu ya mashine mara tatu kwa wiki kwa wiki 12, waliongeza nguvu ya misuli ya mapaja kwa asilimia 16.6, wakati wenzao waliotumia mashine za uzito waliongeza asilimia 14.4, na wale waliofanya mikao ileile kwenye bao la kuigiza hawakuongeza chochote cha maana. Hilo kundi la mwisho ni muhimu, kwa sababu linaonyesha kwamba mtetemo wenyewe ulichangia. Ni kweli kwamba walioanza hawakuwa na mazoezi, na mtu wa namna hiyo huongezeka nguvu kwa karibu zoezi lolote analolishika kwa bidii; mwanamichezo asitarajie hayo.

Uzito zaidi naupa utafiti wa Hong Kong wa mwaka 2014, uliohusisha wanawake 710 waliopita miaka 60, ambao nusu yao walisimama juu ya bao la mtetemo mdogo dakika 20 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa miezi 18. Katika kundi la mtetemo, asilimia 18.6 walianguka au kuvunjika. Katika kundi lisilotetemeshwa, asilimia 28.7. Mifupa haikubadilika, jambo linalolingana na yale ya Toronto na Boston, lakini nguvu ya miguu na uthabiti wa kusimama viliongezeka. Walio kwenye kundi lisilotetemeshwa hawakupewa bao la kuigiza, na huo ni udhaifu. Hata hivyo, kuanguka ni tukio linalohesabika, na kwa mzee mwenye mifupa myepesi, kuanguka ndiko kunakovunja. Ikiwa mfupa hauwezi kuimarishwa kwa urahisi, kupunguza kuanguka kunafikia lengo lilelile kwa njia nyingine.

Niliyoyaona darasani yanaelekea upande huohuo, ingawa darasa langu si utafiti na wanafunzi wangu walikuwa pia wakifanya mazoezi mengine. Wale waliokuwa wakiinuka kwenye kiti kwa kusukuma magoti kwa mikono ndio waliofurahia mashine na ndio walioonyesha badiliko. Wale waliokuwa tayari wanapanda ngazi bila shida hawakupata kitu ambacho kuchuchumaa na kuinuka sakafuni hakukuwapa. Mama mmoja mwenye magoti mabovu aliweza kukaa kwenye mkao wa magoti yaliyokunjwa kidogo juu ya bao kwa muda mrefu kuliko alivyoweza sakafuni, akisema kwamba mtetemo unampunguzia maumivu wakati ule. Nimelisikia hilo kwa zaidi ya mtu mmoja, nami naliona kuwa la thamani kama linamwezesha mtu kufanya zoezi ambalo vinginevyo angelikwepa.

Ahadi nyingine zilizosalia hazihitaji muda mwingi. Kwamba mtetemo unatoa sumu mwilini ni maneno matupu, kwa kuwa kazi hiyo ni ya figo na ini, na hakuna bao linaloifanya kwa niaba yao. Kwamba damu huzunguka zaidi kwenye ngozi ya miguu wakati wa kutetema ni kweli, lakini hiyo si tiba ya shinikizo la damu wala ya kisukari, na ningemsihi mtu yeyote mwenye maradhi hayo asiguse dozi zake kwa ushauri wa muuzaji.

Usalama unazungumzwa kidogo mno. Mtetemo wa mwili mzima unajulikana katika afya ya kazi kama hatari kwa mgongo, hasa kwa madereva wa malori na matrekta, na Umoja wa Ulaya kupitia maelekezo yake ya mwaka 2002 uliweka kikomo cha mchapuko cha mita 1.15 kwa sekunde ya mraba kwa kazi ya saa nane. Mashine ya mazoezi hutumiwa kwa dakika chache na mtu aliyesimama, kwa hiyo vitu hivi havilinganishwi moja kwa moja, lakini vipimo vilivyofanywa juu ya mashine zinazouzwa madukani vimeonyesha kwamba baadhi yake huvuka viwango vya kimataifa vya mtetemo ndani ya muda mfupi. Magoti ndiyo yanayozuia mtetemo usifike kichwani. Anayesimama amenyoosha miguu wima anauruhusu upande moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo, macho na fuvu, na hiyo ndiyo sababu ya kizunguzungu na maumivu ya kichwa ambayo watumiaji wapya hulalamikia. Kwa bahati mbaya, kijitabu cha mashine yangu kilionyesha mkao huohuo wa miguu iliyonyooka kama mkao wa kwanza wa mtu anayeanza.

Wapo watu wasiopaswa kupanda kabisa bila ruhusa ya daktari: mjamzito, mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, aliyefanyiwa upasuaji karibuni au kuwekewa nyonga au goti la bandia, mwenye damu iliyoganda kwenye mishipa ya miguu, mwenye mawe kwenye figo au kwenye nyongo, mwenye kifafa, mwenye diski ya mgongo iliyochomoza, na mwenye tatizo la retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. La mwisho linawagusa wagonjwa wa kisukari, ambao macho yao mara nyingi huwa yameathirika kabla hawajajua, na hao ndio wengi miongoni mwa wanaoshawishiwa kununua mashine hii ili wapunguze uzito. Hospitali zetu za rufaa zina idara za fiziotherapia, na ziara moja huko kabla ya kununua inagharimu sehemu ndogo tu ya bei ya mashine.

Nani basi anunue? Kijana au mtu wa makamo mwenye afya, ambaye shida yake ni kitambi, asinunue. Viatu vizuri vya kutembelea vitamfaa zaidi, pamoja na kupunguza kinachoingia kwenye sahani. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima, na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi, na dakika 10 za kutetema hazichukui nafasi ya hayo. Mwanamke aliyekoma hedhi na anayeweza kujifunza kunyanyua uzito chini ya mwalimu aende huko kwanza. Familia yenye mzee anayekaa sana, aliyepungukiwa nguvu za miguu, anayeogopa kutoka nje peke yake na ambaye daktari hakumkataza, hiyo ndiyo ningeiambia kwamba mashine inaweza kuwa ununuzi wa maana, kwa sharti kwamba ina mhimili imara wa kushika, inabeba uzito wake bila mota kulegea, na muuzaji anaweza kutaja hezi na milimita zake kwa maandishi. Muuzaji asiyezijua namba hizo aachwe, hata kama bei yake ni ya chini.

Mashine ikishafika nyumbani, mzee aanze kwa kasi ndogo, akiwa peku au amevaa viatu vyenye soli nyembamba, magoti yamekunjwa kidogo, mikono kwenye mhimili, na mtu mwingine akiwa karibu. Dakika moja ya mtetemo ikifuatiwa na dakika moja ya kupumzika, mara chache kwa mwanzo, inatosha, na siku tatu kwa wiki ni mpango ambao wengi huweza kuushika. Miezi ya baadaye, badala ya kupandisha kasi haraka, aongeze kazi anayoifanya juu ya bao: kuhamisha uzito kutoka mguu hadi mguu, kuinua visigino, kuchuchumaa robo na kuinuka. Kabla ya kuanza, mkalishe kwenye kiti cha kawaida, mikono ameipishanisha kifuani, na uhesabu mara ngapi anainuka na kukaa ndani ya sekunde 30, kisha uandike tarehe na idadi. Rudia kipimo hicho kila mwezi kwenye kiti kilekile. Ikiwa baada ya miezi mitatu idadi haijapanda, mashine iuzwe wakati bado ina thamani, na fedha zake zilipe mtaalamu wa fiziotherapia wa kuja nyumbani.